Krismasi kwenye nyumba ya kupanga Kigamboni: mapambo bila msumari hata mmoja

Swali: Habari za kazi. Tunaishi Tabata, na kila mwaka Krismasi tunakwenda Moshi. Mwaka huu mama mkwe yuko Dar kwa matibabu na safari ndefu amekatazwa, kwa hiyo tumepanga nyumba ya ufukweni Mjimwema, Kigamboni, kuanzia tarehe 23 hadi 27 Desemba. Tutakuwa watu 11, watano ni watoto, mkubwa wao ana miaka 12. Mwenye nyumba hataki msumari, gundi wala selotepu ukutani. Nimetumiwa picha: kuta nyeupe, vigae vyeupe, taa nyeupe, sofa za kijivu. Ni pasafi, lakini panafanana na gesti. Nimetenga laki mbili kwa mapambo, na magari yetu mawili yatajaa watu. Nifanyeje ili watoto na bibi yao waione sikukuu? Na mti nibebe wa plastiki au nikate mvinje huko huko?

Jibu: Dada, kabla hujanunua pambo lolote, nunua balbu. Nyumba hiyo haifanani na gesti kwa sababu ya kuta zake nyeupe. Shida ni ile taa nyeupe ya darini inayomulika kila kona kwa nguvu moja, kama wodini. Tundika mapambo ya laki mbili chini ya taa hiyo, yote yatapauka. Ibadilishe, na hata kitenge kimoja mezani kitaonekana.

Unachotafuta ni balbu za LED za mwanga wa njano, boksi limeandikwa 2700K au 3000K. Zile nyeupe zilizojaa madukani ni 6500K, na muuzaji usipomwambia atakupa hizo. Wati 5 hadi 7 kila moja zinatosha, kwa sababu hutaki sebule iwake kama mchana. Nne zitakufaa: mbili sebuleni, moja juu ya meza ya chakula, moja verandani. Kabla ya kununua, mwombe mwenye nyumba akutumie picha ya kitako cha balbu zake. Nyumba za hapa zina aina mbili, ya pini inayosukumwa na kuzungushwa (B22) na ya skurubu (E27), na mara nyingi zote mbili zimo kwenye nyumba moja. Balbu za mwenye nyumba ukizitoa, zifunge ndani ya soksi moja uiweke kwenye droo ya jikoni, maana siku ya kuondoka utazihitaji.

Ukiona kwenye picha kwamba taa ni zile bapa zilizozamishwa kwenye jipsam, hizo hazibadiliki. Basi zizime kabisa ikifika jioni, na utumie taa za mezani na taa za nyuzi peke yake.

Nasisitiza jioni kwa makusudi. Desemba jua la Dar linazama kama saa 12:40 na ifikapo saa moja na robo giza limeshaingia. Kuanzia hapo hadi watoto walale una saa tatu au nne, na hizo ndizo saa za mapambo. Mchana watu watakuwa majini au chini ya kivuli, na bahari inajipamba yenyewe. Usitumie hela yako kuupamba mchana.

Taa za nyuzi, na balaa lake

Katika laki mbili yako, weka kama 80,000 kwa balbu na taa, 40,000 kwa mti, 35,000 kwa vitambaa, na inayobaki iwe ya kamba, makuti, adapta na dharura. Ukienda Kariakoo, nenda siku ya kazi asubuhi kabla ya tarehe 15. Wiki ya mwisho Mtaa wa Congo haupitiki, na kilichobaki kwenye meza ni kile ambacho wenzako wamekikataa.

Nunua nyuzi mbili za LED za mita 10 zenye taa 100, rangi moja, ya njano. Zile za rangi nne zinazokimbizana zinachosha macho ndani ya nusu saa, na bibi ndiye atakayekuwa wa kwanza kuomba zizimwe. Ongeza uzi mmoja wa sola kwa veranda, na nyuzi tatu ndogo za betri, zile za waya mwembamba wa shaba. Za betri chagua zenye kiboksi cha betri za AA. Zinazotumia betri bapa za saa zinaisha mapema, na kuzipata Mjimwema siku ya Krismasi ni kazi.

Dukani omba uzi uwashwe dakika kumi. Shika kile kiboksi cha kubadilishia mimemeto: kikiwa vuguvugu si neno, kikiwa cha moto urudishe. Bonyeza hadi upate mtindo wa kuwaka bila kumeta (kwa kawaida ni wa mwisho kati ya minane) uone kama taa zote zipo. Halafu tazama plagi. Nyingi zina pini mbili za duara, na soketi zetu ni za pini tatu bapa. Ile tabia ya kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili pini mbili ziingie iache kabisa: plagi inakaa imelegea, inatoa cheche, na hapo kuna watoto watano. Nunua adapta tatu.

Taa za ndani zisitoke nje. Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na usiku mmoja unatosha kuziharibu viungio. Za verandani ziwe na alama ya IP44 au zaidi (maana yake zinastahimili kurushiwa maji), au ziwe za sola. Za sola zinahitaji jua la saa sita hadi nane, kwa hiyo paneli yake ichomekwe kwenye mchanga mahali pa wazi tangu asubuhi, si chini ya bati la veranda ambako watu wengi huiweka kisha wakalalamika kwamba taa ni feki. Faida yake nyingine ni kwamba umeme ukikatika zenyewe zinaendelea kuwaka.

Nyuzi za betri zina kazi mbili. Moja itie ndani ya jagi la kioo uiweke katikati ya meza. Mbili zilizobaki zipange kwenye njia ya kutoka chumba cha bibi hadi chooni. Ni pambo, na pia nyumba ni ngeni kwake na vigae vya pwani vinateleza miguu ikiwa na unyevu. Kwa sababu hiyohiyo, usipitishe ekstensheni wala waya wowote sakafuni mahali watu wanapopita, hata ukiufunika kwa mkeka. Mkeka unaficha waya, lakini kidole cha mguu kinaukuta tu.

Ukuta uache, tumia grili

Mwenye nyumba ana haki. Kuta nyingi za huku zimepakwa rangi ya maji juu ya skimu (ile plasta laini ya mwisho), na kwa unyevu wa pwani rangi hiyo haishiki vizuri. Selotepu ikikaa siku mbili inatoka na ganda la rangi. Zile ndoano za kubandika zinazodaiwa hazileti madhara nazo usizitumie: ukuta wenye unyevunyevu hazishiki, zinaanguka usiku pamoja na ulichotundika, na zikishika zinabandua.

Bahati nzuri nyumba za Dar zina grili. Kila dirisha la sebuleni ni fremu ya chuma inayokusubiri, na hakuna mwenye nyumba atakayelalamika kwa fundo la utepe. Zaidi ya grili una bomba la pazia, nguzo za veranda, reli za ngazi na migongo ya viti. Feni ya dari usiifunge kitu, hata uzi mwepesi. Mtu ataiwasha bila kutazama juu.

Dirisha kubwa zaidi la sebuleni lifanye mti wa taa. Ikiwa grili iko upande wa ndani, chukua uzi wa mita 10 uanze chini: mstari wa kwanza sentimita 100, panda kama 25, rudi na mstari wa 80, panda, 60, panda, 40, panda, 20. Hiyo yote ni mita nne tu, kwa hiyo pita mara ya pili juu ya njia ileile ili mwanga ujae, na kipande kinachobaki kishuke hadi soketi. Anza upande ulio karibu na soketi, kosa la kawaida ni kumaliza kazi ukakuta plagi iko kileleni. Kila kona funga kwa kipande cha utepe mwekundu, fundo la kipepeo. Usitumie waya wa kufungia, unakwaruza rangi ya grili na palipokwaruzwa panashika kutu upesi. Pazia livutwe pembeni na lifungwe ili upepo usilisukumie kwenye taa.

Ukifanya hivyo, swali lako la mti limeshapata nusu ya jibu, kwa sababu mti mkubwa hauuhitaji tena.

Mvinje au plastiki?

Kwa siku nne na magari yaliyojaa, ningebeba wa plastiki wa sentimita 120, unaokunjika, nikausimamisha juu ya kigoda au meza ndogo iliyofunikwa kitambaa. Ukiwa juu ya kigoda unafika kimo cha mtu mzima, na mtoto wa miaka miwili hawezi kuuvuta kirahisi. Fungua matawi moja moja, kila kijitawi kikunjwe kwa vidole kutazama juu na pembeni. Wengi wanaufungua kama mwavuli na kuuacha hivyo, ndiyo maana unaonekana mkavu. Kazi hiyo ni ya dakika 40, mpe mkubwa wa watoto.

Mvinje unapendeza zaidi, sikatai, na harufu yake ni Krismasi yenyewe kwa watu wengi wa mjini. Lakini usikate iliyo ufukweni: imepandwa kuzuia bahari isile ardhi, na si mali yako wala ya mwenye nyumba. Ukiutaka, nunua tawi au mche kwa wauza miti wa kando ya barabara. Mche ulio kwenye mfuko wa udongo ni bora kuliko tawi, maana unabaki hai na unaweza kuupanda ukirudi Tabata.

Tawi lililokatwa linaanza kunyauka siku hiyohiyo ukilichomeka kwenye mchanga mkavu. Kata tena kitako, sentimita mbili au tatu, ukifika. Chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, ikate shingo, ijaze maji baridi, ingiza tawi, halafu isimamishe chupa hiyo katikati ya ndoo ya lita 20 na ujaze mchanga pembeni kuishikilia. Ndoo ikijaa inazidi kilo 30, kwa hiyo iweke mahali pake kwanza ndipo umimine mchanga. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiuchanganye na maji ya tawi. Maji yaongezwe kila asubuhi, na tawi likae mbali na upepo wa kiyoyozi. Matawi ya mvinje ni laini, yanainama kwa kitu kidogo tu, kwa hiyo pambo lolote zito kuliko yai usilitundike. Chini tandika kanga ya kudakia majani, bila hivyo utayakuta hadi jikoni.

Peremende na biskuti usizitundike kwenye mti wa aina yoyote. Sisimizi wa Kigamboni watazijua kabla ya watoto.

Mlangoni: makuti

Mapambo ya Ulaya ya mlangoni, yale mashada ya duara, yaacheni. Pwani tuna namna yetu ya kusema hapa pana shughuli, na kila mpita njia anaielewa: makuti mabichi mlangoni. Mwombe msimamizi wa nyumba akutafutie mtu wa kupanda mnazi, umlipe, na mwenye nyumba awe ameridhia. Msipande wenyewe, na watoto wakae mbali wakati wa kukata, kwa sababu nazi haina breki.

Makuti mawili yanatosha, ya kijani, yapunguzwe hadi mita tatu hivi. Yasimamishe pande mbili za mlango wa veranda, kitako chini, yafunge kwenye nguzo sehemu tatu, usawa wa kifundo cha mguu, kiuno na bega. Tumia kamba ya mkonge na uweke kitambaa kati ya kamba na rangi. Ncha zinainama zenyewe zikutane juu, hapo zifunge pamoja, na hakikisha mtu mrefu anapita bila kuinama. Kwa urembo, chukua majani ya upande mmoja wa kuti uyasuke, kila jani likipita juu ya la jirani na kuingia chini ya linalofuata. Yafunge asubuhi ya tarehe 24, si 23. Kufikia siku ya nne kuti linageuka kahawia, na utataka tarehe 26, ambayo nayo ni sikukuu, likute bado kijani.

Majani yaliyopunguzwa wape watoto. Hapo Mjimwema utapata mtoto wa jirani anayejua kusuka saa, miwani na mipira ya ukuti, na wako watajifunza kwake haraka kuliko kwako. Mipira hiyo ndiyo itundikwe kwenye mti.

Kuna jambo moja la upande wa bibi. Kwa kuwa mnatoka Moshi, atajua thamani ya sale, na miche yake inapatikana kwa wauza maua wa Dar. Lakini sale kwa Wachagga si ua la kupambia tu: ni jani la amani na la kuombana radhi. Muulize yeye kama linafaa kuwekwa mlangoni, na akikubali, aliweke yeye kwa mkono wake. Akikataa, usibishane.

Mkakaya, ule tunaouita mkrismasi kwa maua yake mekundu ya Desemba, ni rahisi kuupata, ila maua yake yakikatwa hayavuki siku. Chuma asubuhi ya Krismasi yenyewe, uyaache yaelee kwenye bakuli pana la maji badala ya chupa ndefu. Bogenvilia inavumilia zaidi kidogo.

Meza ya watu 11

Meza za nyumba hizi ni za watu sita au wanane. Uliza urefu wake mapema. Kama hamtoshi, watoto wawekee jamvi lao pembeni badala ya kubana, wao watafurahi na wewe utapata nafasi ya sinia.

Nunua kitenge pisi moja ya yadi sita, chenye wekundu na kijani kibichi. Kikate mara mbili, kila kipande kitakuwa mita 2.75 hivi, kinatosha meza ya mita mbili na kuning'inia pande zote. Upana wake hautaifunika meza pana vizuri, kwa hiyo tandika chini shuka jeupe mlilobeba nyumbani na kitenge kikae juu. Kabla ya safari kiloweke na ukisuuze mpaka maji yatoke safi. Kitenge chekundu kipya hutoa rangi, na kwa joto la Desemba migongo ya watu itaisugua rangi hiyo kwenye sofa ya kijivu ya mwenye nyumba. Ndiyo sababu sofa nisingezifunika kwa kitambaa kipya chochote. Kanga zilizofuliwa mara nyingi hazina shida, na kama mna kisutu nyumbani, wekundu wake na weupe vinatosha kwa migongo ya viti bila kununua kitu.

Katikati ya meza weka matunda. Desemba ni msimu wa embe na nanasi, bei zinashuka. Nanasi moja lisimame na taji lake, embe dodo zipangwe kulizunguka kwenye sinia, jagi la taa pembeni. Chagua embe ngumu, zilizoiva sana zitaita nzi kufikia jioni.

Mishumaa mirefu usibebe. Ikiachwa kwenye gari lililofungwa inapinda, na mezani upepo wa bahari wa mchana na jioni unaizima au unamwaga nta. Ikiwa veranda au banda la nje limeezekwa makuti, moto wa aina yoyote chini yake ni marufuku, pamoja na zile fimbo za cheche za watoto. Fataki ziacheni kabisa.

Pango

Kama ni familia ya kanisani, pango la kuzaliwa Yesu ndilo pambo litakalokumbukwa, na halina gharama. Watoto waokote vifuu vikavu vya nazi, si maganda mabichi ya dafu ambayo yanavutia nzi. Kifuu kikubwa kilichovunjika nusu kinalazwa ubavu juu ya sinia la mchanga, hilo ndilo pango. Nyasi kavu ndani, kifuu kidogo kiwe hori, watu na mifugo wafinyangwe kwa udongo wa kuchezea, kombe za baharini ziwe njia ya wachungaji. Mtoto Yesu asiwekwe bado. Anaviringishwa kwenye kitambaa, anakabidhiwa bibi, na anawekwa horini usiku wa mkesha baada ya kusoma Luka sura ya pili.

Kuhusu mkesha wenyewe amueni mapema. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na Azania Front yako upande wa pili wa maji, karibu na kivuko, na inavutia kuvuka. Lakini kurudi usiku wa manane na mgonjwa na watoto wamelala, foleni ya pantoni au mzunguko wa Daraja la Nyerere, sikushauri. Tafuteni kanisa la Kigamboni, au bibi asali nyumbani na wachache, wengine waende.

Harufu na jikoni

Nyumba ya kupanga ina harufu ya dawa ya vigae na magodoro yaliyofungiwa. Ukifika tu fungua madirisha, kisha bandika sufuria ya lita mbili za maji: maganda ya machungwa manne, vijiti viwili vya mdalasini, iliki kumi iliyopondwa, karafuu kijiko cha chai. Moto mdogo kabisa, saa moja, uongeze maji yakipungua. Udi na ubani muulize mwenye nyumba kwanza, maana harufu yake inakaa kwenye mapazia na wapo wenye nyumba wanaokata amana kwa hilo.

Machungwa yaliyochomekwa karafuu watoto wanayapenda kuyatengeneza, ila kwa unyevu wetu yanaota ukungu baada ya siku chache. Yatengenezwe tarehe 24, yatupwe 27.

Asubuhi ya Krismasi isiwe tofauti na ya Moshi. Kama bibi amezoea mtori, mtori uwepo, na chai iwe kwenye chupa ileile ya nyumbani. Beba vitu vitatu vinne vya aina hiyo hata kama nyumba imekamilika vyombo: chupa ya chai, vikombe vya watoto, kanga ya bibi ya kitini, picha ya familia yenye fremu ya kusimama. Vinaingia vyote kwenye shangazi kaja moja pamoja na mti.

Sufuria usitegemee za huko. Pilau ya watu 11 ni mchele kilo mbili na nyama kama hizo, inataka sufuria ya lita 10 au zaidi, na majiko ya gesi ya nyumba hizi hayaibebi vizuri: moto unapiga katikati, pembeni panabaki pabichi. Beba jiko la mkaa, pikia nje mbali na makuti, na makaa ya juu ya mfuniko yatamaliza kazi.

LUKU

Hapa ndipo sikukuu nyingi za nyumba za kupanga huharibika. Unapokea nyumba ikiwa na uniti chache za umeme, na taa zako zinalaumiwa bure. Nyuzi zako mbili za LED za wati 6 zikiwaka saa sita hazifiki hata sehemu moja ya kumi ya uniti. Kinachokula ni kiyoyozi: cha BTU 12,000 kinaweza kula karibu uniti moja kwa saa kinapovuta sawasawa, na vitatu usiku kucha vinafika uniti 20 au zaidi. Uliza nani ananunua umeme, andika namba ya mita kwenye simu mbili tofauti, na kama mita iko nguzoni nje, uoneshwe rimoti ya kuingizia zile tarakimu 20 iko wapi. Kiyoyozi na friji visichomekwe kwenye ekstensheni yenye taa.

Ratiba yenu basi. Tarehe 23 pitieni Barabara ya Mandela hadi Daraja la Nyerere, msipoteze muda kwenye foleni ya pantoni, mfike kabla ya saa tisa. Mtu mmoja atembee na simu akirekodi video ya kila chumba kabla mizigo haijaingia. Balbu zibadilishwe, dirisha lifungwe taa, sufuria ya harufu ibandikwe, basi. Watoto wakute dirisha linawaka jioni ya kwanza hata kama mengine hayajaanza. Tarehe 24 asubuhi ni makuti na mti, mchana ni pango, jioni meza. Zawadi zifungeni kwa kanga kwa fundo la juu, msibebe karatasi za kung'aa: unyevu unazilegeza, na mabaki yake yanapeperuka hadi baharini.

Maputo mkiyapenda yajazwe nusu tu na yabaki ndani. Ukiyajaza kwenye chumba chenye kiyoyozi kisha ukayatoa juani, hewa inatanuka yanapasuka moja baada ya jingine. Vumbi la kung'aa na theluji ya kopo usinunue kabisa, la kwanza halitoki kwenye sofa, la pili linaacha madoa kwenye vioo. Verandani usiache kitu kidogo kinachong'aa wala sahani ya maandazi bila kifuniko, kunguru wa Dar hawana sikukuu.

Tarehe 27 anzeni kufungua mapambo saa mbili kabla ya muda wa kukabidhi. Makuti yakatwe vipande na kupelekwa anakoelekeza msimamizi, mchanga wa ndoo urudishwe ulikotoka, balbu za kwenye soksi zirudi mahali pake na zako uondoke nazo. Rekodi video ya pili ya vyumba vilevile kwa mpangilio uleule, na usimalize kabla msimamizi hajaona grili, meza na sofa mbele yako, ndipo uulize amana.